Mama Pacha Akisoma Namba

Kabla gari halijapulizwa rangi mpya, lazima ipimwe rangi ya zamani. Jambo lenyewe halina ubishi, ingawa pale gereji lilibishaniwa karibu mwaka mzima. Rangi ina unene. Ya kiwandani ni nyembamba, mikroni mia moja na ishirini hivi, na mikroni ni milimita moja uliyoikata vipande elfu, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho ukikitafuta kwa jicho utaumia bure. Gari lililowahi kurudiwa rangi litakupa mia mbili na kitu, au mia tatu. Ukiona mia tano, ujue chini yake kuna puti nyingi, ule ujiuji mzito wa kujazia palipobonyea. Ukiona elfu na zaidi, hapo tena hakuna gari, kuna ukuta uliopigwa plasta, na rangi yoyote utakayoweka juu yake itapasuka jua likishaizoea.

Kazi ya kupima ilikuwa ya Mama Pacha, fundi rangi, mwanamke wa makamo aliyekuwa na mapacha wakubwa wanaojitegemea mbali na nyumbani, na mapafu ambayo kwa maajabu yalikuwa bado yanafanya kazi. Alikabidhiwa kipimo kwa sababu moja tu: rangi ikipasuka, anayelaumiwa ni aliyeipaka, hakuna anayeuliza chini yake palikuwa na nini. Chenyewe kilikuwa kidude cheusi, kimezidi kiberiti kidogo tu. Unakigusisha kwenye bati, kinalia tii, kinakutolea namba. Hakibembelezi mtu.

Mwenye gereji, ambaye wote walimwita Bosi hata nyuma ya mgongo wake, alikuwa mtu mzito wa kunyanyuka na mwepesi wa kulaumu. Hakupenda kuachana na feni ya ofisini. Basi akaamuru namba zisomwe kwa sauti, azisikie kupitia dirishani akiwa amekaa. Ndiyo maana kila asubuhi ungemsikia Mama Pacha akizunguka gari na kupaza sauti kama anayeita watoto waje kula: "Boneti, mia moja na kumi na tano! Madigadi ya kulia, mia moja na thelathini! Mlango wa nyuma, mia mbili na arobaini!" Hata muuza vocha ng'ambo ya barabara alikuwa anajua siri za magari ya watu kuliko wenyewe.

Na aliyekuwa ananyoosha hizo bodi kabla hazijafika kwa Mama Pacha ni mume wake.

Huyu walimwita Vidole. Mlango ukija umebonyea, alikuwa anaugonga kwa nyuma taratibu, halafu anapitisha vidole vya mkono wa kulia juu ya bati huku ameangalia barabarani, kama mtu anayesikiliza umbea usiomhusu. "Hapa pana kitu," anasema. Wewe unatazama, huoni kitu. Unainama, huoni kitu. Yeye anagonga mara mbili, anapapasa tena, anaitikia kwa kichwa. Puti aliipaka kiduchu, kama siagi kwenye mkate wa bahili. Kipimo kilipokuja alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwa hiyo mimi nimesoma bati kwa vidole miaka yote hii," alisema, "halafu kije kiberiti kinisahihishe?"

Kipimo hakikumsahihisha. Mia mbili na hamsini. Mia mbili na sabini. Mia mbili na themanini. Vidole akawa anatembea kifua mbele, na kila namba nzuri ikisomwa anapaza sauti toka huko aliko: "Rudia, mke wangu, hapa kuna viziwi!" Kukitazama kile kidude chenyewe alikataa katakata. Alisema hawajatambulishwa.

Mambo yalianza kuharibika mvua zilipoanza.

Yalianzia nyumbani. Vidole aliangusha kikombe. Akaangusha kingine. Mama yake, aliyekuwa anaishi nao na ambaye jicho lake halikupitwa na kitu, alisema vikombe vya nyumba hii vimeota miguu. Halafu vifungo vya shati vikaanza kumsumbua, akalalamika kwamba mafundi cherehani wa siku hizi ni wavivu, wanatoboa matundu madogo. Mama Pacha akawa anamfunga vifungo kila asubuhi. Asubuhi moja aliona alama ya kuungua kwenye kidole cha shahada cha mumewe, malengelenge yameshapasuka. Alimuuliza ameungua na nini. Vidole alikitazama kidole kama ndiyo kwanza wanaonana.

"Sijui," alisema. "Sufuria, labda."

Siku hiyo hiyo Mama Pacha alipima mlango wa mbele wa kushoto wa gari la mwalimu mkuu mmoja. Tii. Elfu moja mia moja na arobaini. Alidhani kipimo kimechanganyikiwa. Akasogea shubiri moja, akagusa tena. Elfu moja na mia mbili. Akainua macho. Vidole alikuwa amesimama karibu na pipa la maji ya msasa, ameacha nyundo, anaukung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyetoka kunawa. Alikuwa anamtazama yeye.

Ofisini Bosi alikohoa, kuashiria anasubiri.

Sasa hapa lazima mtu ajue alichokiona Mama Pacha kichwani. Aliona ufagio. Pale gereji palikuwa na mchomeleaji, fundi wa kutegemewa, macho yakamwishia kwa moto wa kazi. Bosi hakumfukuza. Alimpa ufagio. Baada ya ufagio akampa geti, akawa anafungua na kufunga, akisalimia magari ambayo zamani alikuwa anayaunga vipande. Halafu hata geti likawekwa mtu mwingine, na yule mzee akaonekana anaondoka na mfuko wake wa nailoni. Mama Pacha alikuwa ameolewa na mtu ambaye kazi ndiyo jina lake. Alimpenda, tusizungushe maneno. Alimpenda na aliogopa.

"Mlango wa mbele kushoto," alisema kwa sauti, akakohoa katikati. "Mia tatu na ishirini!"

Alimwona mumewe akishusha pumzi mpaka mabega yakaanguka.

"Mia tatu ni nyingi kidogo," Vidole alisema, akiokota nyundo. "Lakini si haba."

Basi ulimi wa Mama Pacha ukazoea. Mara ya pili namba ilitoka bila hata kukohoa. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu: alichukua kilichoandikwa, akagawanya kwa nne, akaongeza kidogo kwa ajili ya aibu. Elfu moja na mia mbili ikawa mia tatu na kumi. Elfu moja ikawa mia mbili na sabini. Bosi ofisini akaitikia "Safi!" kama kawaida, na muuza vocha naye akaendelea kujua siri za magari, isipokuwa sasa alikuwa anajua uongo mtupu.

Kilichobadilika ni kwamba Vidole aliacha utani. Zamani alikuwa anapiga kelele toka mbali. Sasa kila mkewe akitoa kipimo mfukoni, yeye alikuwa anakuja. Anaacha alichoshika, anajifanya anatafuta spana, anasimama nyuma ya bega la mkewe bila kukitazama kidude, kimya kama maji mtungini mpaka namba isomwe. Ikisomwa, anaondoka. Mama Pacha alidhani anafuata sifa. Alifikiri, masikini, mwanaume anakula sifa hata kwa kuiba.

Halafu gari la mwalimu mkuu likarudi.

Ule mlango ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Mwalimu mkuu hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa sauti ya darasani nani amefanya hivi, na watu wazima wote pale wakatazama chini. Bosi alitoka ofisini, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Nani?" alinguruma.

"Mimi," alisema Mama Pacha. "Praima ilikuwa haijakauka vizuri."

Bosi alimpa hotuba kuhusu praima, ile rangi ya chini inayotangulia ya juu. Bosi hakuwahi kushika bunduki ya rangi maishani mwake, lakini hotuba ilikuwa ndefu. Mama Pacha alisikiliza huku amefumbata mikono, yeye aliyewafundisha kazi nusu ya wapaka rangi wa mji ule. Ule mlango aliukwangua mwenyewe, akaujaza upya mwenyewe, akaupaka. Wiki hazikupita nyingi likarudi boneti. Likarudi na buti. Kila mara, praima. Ikafika mahali Bosi akawa anamwita "Bibi Praima" mbele ya wateja.

Na nyumbani, jioni, wakati wa kula, Vidole naye alianza.

"Mke wangu, mimi sisemi kwa ubaya," alisema. "Lakini praima inataka subira."

Mama Pacha alikuwa ameinamia sahani.

"Mimi nikikupa bodi, nakupa bodi. Wewe mwenyewe unapima. Sasa bodi safi, halafu rangi inapasuka. Watu wataanza kusema."

"Watasemaje, na wewe mumeo anakupa bodi safi kabisa?" mama mkwe aliuliza, akimtazama mkwe wake kwa jicho la pembeni. "Mia mbili na kitu, si ndiyo?"

"Mia mbili na kitu, mama," alisema Mama Pacha.

"Basi punguza haraka, mwanangu. Ujana umekwisha, haraka ya nini?"

Lo! Kuna wanawake ambao wangemwaga mchuzi. Mama Pacha alimwongezea mumewe mboga. Moyoni alikuwa na hasira ya kuvunja meza, na huruma ya kuiunga tena meza hiyo hiyo, vyote kwa pamoja. Aliona sahani ya mumewe inavyoshikwa kwa mkono wa kushoto.

"Huo mkono uende nao hospitali," alisema, si mara ya kwanza.

"Umelala tu."

"Mkono haulali miezi."

"Ungekuwa umekufa, kazi si ingeonyesha?" alisema Vidole. "Namba zinasemaje? Si unazisoma mwenyewe?"

Mama Pacha alichukulia kwamba anajisifu.

Ndipo ikaja habari ya kampuni ya bima. Kampuni ilikuwa inatafuta gereji ya kupelekea magari ya wateja wake yanayogongwa, na magari yanayogongwa, kama unavyojua, hayaishi. Walileta gari moja la majaribio, lililopigwa ubavuni, mlango wa nyuma umekunjika. Bosi alilizunguka gari lile kwa heshima kama ni mgonjwa wa ukoo wa kitajiri. Kisha akamwita Vidole mbele ya wote.

"Hili ni la vidole vyako," alisema. "Wakilipenda hili, wewe ndiye utakayesimamia bodi zote. Wakilikataa, mimi na wewe tutakuwa na mazungumzo."

Vidole aliufanyia kazi ule mlango kwa namna ambayo Mama Pacha alishindwa kuitazama. Aligonga, akapapasa kwa mkono wa kulia, akasimama. Akapapasa kwa wa kushoto, ambao haukuwahi kujifunza kazi hiyo. Akalaza shavu kwenye bati, ati anaangalia mwanga. Puti ikachanganywa, ikapakwa, ikapigwa msasa, ikapakwa tena. Alipomaliza, kwa macho ulikuwa mlango mzuri sana. Alijifuta mikono, akasogea nyuma ya bega la mkewe, akasubiri.

Tii. Elfu moja mia sita na ishirini.

Mama Pacha hakuwahi kuona namba kubwa namna hiyo kwenye gari lililosimama. Aligawanya kwa nne, akaona bado ni kubwa, akapunguza kwa ajili ya kampuni ya bima.

"Mlango wa nyuma kulia, mia mbili na themanini!"

Nyuma yake pumzi ikashuka, ndefu.

"Safi sana!" Bosi aliitikia dirishani. "Maana mkaguzi wao anakuja kesho asubuhi kabla hatujapuliza rangi, na kipimo chake mwenyewe!"

Jioni ile Mama Pacha aliosha sufuria moja mara mbili. Alimwambia mumewe kwamba ingefaa wawahi kazini, wauangalie tena ule mlango.

"Wa nini? Mia mbili na themanini."

"Huenda nimesoma vibaya."

"Wewe?" Vidole alicheka, cheko la mtu aliyepumzika. "Hujawahi kusoma vibaya toka nikuoe."

Alilisema hilo kwa imani ambayo ilimfanya mkewe ageukie sufuria na kuiosha mara ya tatu. Kusema ukweli pale pale ndiyo ilikuwa njia. Hata yeye alijua. Lakini maneno yalifika kooni, yakaona huko nje kulivyo, yakarudi.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, ana sweta, ana sauti ya upole kama anaomba radhi kwa kuzaliwa. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Alikisifia kiwanja kwa usafi, jambo ambalo halikuwa kweli. Akatoa kipimo chake kwenye kifuko, akakigusisha kwenye mlango wa nyuma wa kulia, kikalia. Akakitazama. Akakifuta kwenye sweta, akagusisha tena. Kisha akamwonyesha Bosi.

"Elfu moja mia sita na ishirini?" alisema Bosi. "Haiwezekani."

"Labda changu kina hitilafu," alisema mkaguzi. "Hutokea."

"Kitakuwa na hitilafu, eeh. Jana imesomwa mia mbili na themanini, nimesikia kwa masikio yangu. Mama Pacha! Lete chako umwonyeshe."

Mama Pacha alikitoa mfukoni. Kutoka alipokuwa mpaka mlangoni palikuwa na pipa la maji ya msasa, na aliwaza kukiangusha humo. Aliwaza pia kuzimia, ila hakuwahi kuzimia na hakujua mtu anaanzia wapi. Watu wote walikuwa wamesimamisha kazi. Vidole alikuja, kama kawaida yake, akasimama nyuma ya bega. Mkono wa kulia aliukumbatia kwa wa kushoto.

Tii.

Mama Pacha alitazama ile namba. Ilikuwa ile ile, haikupungua hata moja kwa huruma.

"Sema," alisema Bosi.

Angeweza kusema kipimo kimeingia maji. Bosi alitamani kusikia hivyo, ilionekana usoni, na mkaguzi mwenyewe alishafungua mlango wa kutokea. Aligeuka kumtazama mumewe. Vidole hakuwa na uso wa mtu anayefuata sifa. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama mbele ya dirisha la majibu hospitalini.

"Elfu moja mia sita na ishirini," alisema Mama Pacha.

"Na jana?"

"Jana ilikuwa hiyo hiyo. Nikasema nyingine."

"Ukasema nyingine," alirudia Bosi. "Na ya juzi? Na boneti? Na lile gari la mwalimu mkuu?"

"Zote. Tangu mvua. Praima haikuwa na kosa."

Bosi alitafuta pa kukaa, akakuta tairi, akakaa. Mkaguzi alirudisha kipimo kwenye kifuko polepole, akasema kwamba yeye angependa kuja tena siku nyingine, mlango ukiwa umerudiwa, na kwamba huyu mama aliyesoma namba awepo. Kisha akaondoka akiwa amempa kila mtu mkono tena.

Mama Pacha alisubiri mumewe afoke. Angefoka ingekuwa nafuu. Vidole aliiweka nyundo chini, akaelekea nyuma ya chumba cha kupulizia rangi, kule wanakotupa makopo.

"Bodi hagusi," alisema Bosi toka kwenye tairi, bila nguvu. "Mpaka daktari aseme. Na wewe nenda naye, tokeni machoni pangu mpaka nipoe."

Alimkuta amekaa juu ya kopo lililopinduliwa. Akapindua na lake, akakaa. Mbele yao palikuwa na ukuta wenye madoadoa ya rangi za magari yote yaliyowahi kupita pale.

"Umenivika kilemba cha ukoka," alisema Vidole. "Nikawa natembea nacho mjini, naona kimenipendeza."

"Nilikuwa naogopa atakupa ufagio."

"Najua."

"Nilijua ukisikia elfu utavunjika moyo."

Vidole aliinua mkono wa kulia, akautazama mbele na nyuma.

"Hivi vidole vimekufa, Mama Pacha. Bati na shuka kwangu ni kitu kimoja. Ile siku ya kwanza, mlango wa mwalimu mkuu, mimi nilishajua nimepotea. Nikasema moyoni, akisoma mia tano, kesho asubuhi naenda hospitali. Nikaja kusimama nikusikilize. Ukasema mia tatu na ishirini." Aliushusha mkono magotini. "Nikafurahi mno. Nikasema, kumbe kazi bado naishika, mkono umelala tu, utaamka wenyewe. Kila gari nilikuwa nakuja kusikiliza. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kuniambia niko vipi. Nilikuwa na wewe tu."

Mama Pacha alikuwa anawaficha namba Bosi, wateja, muuza vocha, dunia nzima. Mtu mmoja aliyekuwa anazihitaji alikuwa nyuma ya bega lake, kila siku, anasubiri, na yeye alidhani anatafuta spana. Alilia. Vumbi la puti likachanganyika na machozi, likaanza kumgandia mashavuni, na Vidole akajaribu kumfuta kwa mkono wa kulia, akamgonga pua kwa sababu hakusikia amefika.

"Samahani," alisema.

"Tumia wa kushoto," alisema Mama Pacha.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwao wote wawili, anaandika kwa kasi. Aliupinda ule mkono kwenye kifundo, akaugongagonga, akauliza ni kazi gani anafanya. Aliposikia nyundo na mashine ya kusagia bati akaitikia kama aliyeambiwa jina la mtu anayemjua. Alisema kuna mshipa wa fahamu unaopita kifundoni kwenda vidoleni, na huu umebanwa. Wanaweza kupasua na kuuachia nafasi. Kama utaamka, na utaamka kiasi gani, inategemea umebanwa kwa muda gani.

"Ganzi ilianza lini?"

"Mvua zilipoanza," alisema Vidole.

"Mngekuja mapema." Daktari alisema hivyo bila ukali, huku akitafuta kitu kwenye droo. Wale wawili hawakutazamana.

Alichotoa ni kikalamu chenye uzi mgumu nchani. Alieleza kwamba lazima ajue leo kilichobaki ni kipi, ili baada ya upasuaji ajue kilichorudi. Akamwambia Vidole alaze mkono mezani, afumbe macho, na kila akiguswa aseme. Na asibahatishe. Wagonjwa wengi, alisema, hubahatisha ili kumfurahisha daktari, halafu wanajiumiza wenyewe.

Vidole alifumba macho.

Daktari aligusa kidole cha mwisho. "Nasikia," alisema Vidole. Akagusa cha pete. "Nasikia. Upande mmoja." Akagusa cha kati. Uzi ulipinda kabisa. Akahamia cha shahada, chenye kovu la kuungua, akakigusa nchani, kisha pembeni, kisha nchani tena. Akahamia gumba. Vidole alikuwa amekaa wima, uso ameuinua kidogo, ana tabasamu la adabu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Daktari akarudia vyote vitatu toka mwanzo, taratibu. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia watu wa foleni wanavyojadiliana huko nje ni nani kamfuata nani.

"Mama Pacha," alisema Vidole, macho amefumba. "Ameanza?"

Daktari aliinua uso. Mama Pacha aliutazama ule mkono uliolala mezani, mpana, safi, wenye kucha alizomkata yeye. Jibu moja lilikuja haraka likiwa tamu, kwa mazoea. Aliliacha lipite.

"Ameshapita, mume wangu," alisema. "Mara mbili. Vyote vitatu."

Vidole aliendelea kukaa vile vile, macho yamefumbwa. Tabasamu lilimtoka polepole. Halafu akaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema. "Daktari, andika kama alivyosema."